Breki kwanza, mota baadaye: mama, kijana na baiskeli ya umeme

Kuna umri ambao mtoto haombi tena kununuliwa baiskeli. Anaomba mota ya kuifunga baiskeli aliyonayo. Huja na simu mkononi, ndani ya simu kuna video, na kwenye video kuna kijana wa makamo yake amekaa juu ya baiskeli ndogo ya matairi ya inchi 20. Hapigi pedeli, na anaipita pikipiki. Mzazi hutazama mara moja, husema hapana, hurudi kwenye shughuli zake. Wengi hudhani mjadala umeishia hapo.

Haujaishia. Siku hizi mota, betri na nyaya zake huuzwa pamoja kama seti. Huagizwa kwa simu kutoka China, na kuifunga hakuhitaji zaidi ya spana, bisibisi na mchana mmoja. Kijana aliyeambiwa hapana nyumbani anaweza kuambiwa ndiyo kwenye kibanda cha fundi mtaa wa pili. Kwa hiyo mzazi ana jambo jingine la kuamua: siku mota hiyo inafungwa, yeye atakuwa wapi?

Kilomita 6 na milima

Mama mmoja wa Goba, Dar es Salaam, fundi cherehani anayelea watoto wawili peke yake, alikutana na swali hilo mwanzoni mwa muhula. Mwanawe wa kwanza ana miaka 15 na yuko kidato cha pili. Shule iko kilomita 6 kutoka nyumbani, na Goba ni mahali pa milima: barabara hupanda, hushuka, halafu hupanda tena.

Kijana alikuwa na baiskeli ndogo, mtumba wa Japani, aliyonunuliwa akiwa darasa la sita. Asubuhi aliiendesha hadi mlima wa kwanza, akashuka, akaisukuma, akafika shuleni shati limelowa jasho. Siku alizochoka aliiacha nyumbani akaenda kusimama kituoni. Kila mzazi wa Dar es Salaam anajua kinachompata mwanafunzi kituoni asubuhi. Nauli yake ni ndogo kuliko ya mtu mzima, hivyo konda huziba mlango kwa mkono mpaka watu wazima waingie kwanza. Daladala ya kwanza inaondoka, ya pili inaondoka. Mwisho kijana anapakiwa bodaboda na wenzake wawili, mshikaki, mmoja akikaa juu ya tangi la mafuta.

Basi ombi lake halikuwa la mchezo tu. Tatizo lilikuwa ukubwa wa alichochagua: mota ya wati 1500, ya volti 48, ambayo muuzaji aliahidi itafikisha kilomita 45 kwa saa hata kwenye gurudumu dogo.

Mama aliliona jambo lilivyokaa. Akisema hapana, hapana hiyo inamrudisha mtoto kwenye mshikaki. Akisema ndiyo, ndiyo hiyo inampeleka barabarani juu ya kitu kinachokimbia kama pikipiki lakini chenye fremu ya mtoto wa darasa la sita. Hakujibu siku hiyo. Alisema, "Niachie nifikiri, baba," na kijana akaelewa kwamba mlango haujafungwa.

"Hata wewe ulifunga mota, mama"

Siku ya tatu kijana alikuja na hoja ambayo mama hakuitegemea. "Mama, hata wewe cherehani chako ulikifunga mota."

Ilikuwa kweli. Kwa miaka 9 mama huyo alishona kwa cherehani cha kukanyaga kwa miguu. Alipobeba mimba ya mtoto wa pili, magoti yakagoma. Fundi akaja na mota ndogo ya wati 150, akaifunga ubavuni mwa cherehani, akavisha mkanda, akaweka kanyagio moja sakafuni. Tangu siku hiyo sare za shule alizokuwa akizishona kwa wiki mbili akawa anazimaliza kwa wiki moja. Hakuna aliyehitaji kumweleza faida ya umeme.

Lakini alikumbuka pia kilichofuata. Fundi yuleyule alirudi mwaka uliofuata akiwa na mota kubwa iliyotoka kwenye mashine ya kiwandani, akamwambia ataifunga kwa bei ya chini. Mama alikataa. Kichwa cha cherehani chake hakikutengenezwa kwa kasi ile. Uzi ungekatika, sindano ingevunjika, na vidole vya mshonaji viko palepale mbele ya sindano.

"Sina ugomvi na mota," alimwambia mwanawe. "Niambie kwanza baiskeli yako ina kichwa cha aina gani."

Hapo mazungumzo yakabadilika. Kijana aliyekuwa amejiandaa kubishana na mzazi asiyejua kitu alijikuta mbele ya mtu anayeijua mota kuliko yeye.

Watu 15 juu ya pedeli moja

Wati ni kipimo cha nguvu. Mtu mzima wa kawaida akipiga pedeli bila haraka hutoa wati 100 hivi. Mwendeshaji wa mashindano makubwa, mwenye mapafu na mapaja ya kazi hiyo, anaweza kudumu na wati 300 hadi 400 kwa muda mrefu. Wati 1500 ni kama kuwaweka watu wazima 15 wapige pedeli za baiskeli ya mtoto mmoja, wote kwa wakati mmoja.

Nguvu hiyo yote lazima ishikwe na kitu. Katika seti nyingi mota imejengwa ndani ya kitovu cha gurudumu. Inaposukuma gurudumu kwenda mbele, ekseli yake husukumwa kuzunguka upande wa pili, na kinachoizuia ni mianya miwili ya fremu ambamo ekseli imekaa. Mianya hiyo ilitengenezwa kushika gurudumu la kawaida. Ikitanuka, ekseli huzunguka, hukata nyaya zinazopita ndani yake, na gurudumu linaweza kuchomoka. Ndiyo maana mafundi makini huongeza bamba la chuma linaloikamata ekseli na kuifunga kwenye fremu.

Baiskeli ndogo ina jambo la ziada. Magurudumu yake yako karibu karibu, na kijana aliyekua amekaa juu kuliko ilivyokusudiwa. Mota kali ya nyuma ikishtuka, gurudumu la mbele huinuka kabla mwendeshaji hajajua kilichotokea. Hicho ndicho kinachopendeza kwenye video. Mbele ya daladala iliyosimama ghafla hakipendezi.

Nchi zilizozoea baiskeli hizi zimeweka mipaka. Katika Umoja wa Ulaya na Uingereza, baiskeli ya umeme ya kawaida ni ya wati 250, na mota lazima iache kusaidia inapofika kilomita 25 kwa saa. Ikizidi hapo, sheria huiweka upande wa vyombo vya moto. Marekani, sheria ya taifa ya mwaka 2002 iliweka mpaka chini ya wati 750 na chini ya maili 20 kwa saa, yaani kilomita 32.

Kijana alijaribu kujitetea kwa historia. Alikuwa amesoma kwamba tarehe 31 Desemba 1895 Mmarekani aitwaye Ogden Bolton alipewa hataza ya baiskeli yenye mota ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, ikitumia betri ya volti 10 na kuvuta hadi ampea 100. Volti mara ampea ndiyo wati, hivyo hiyo ni wati 1000, zaidi ya miaka 100 iliyopita.

"Na breki zake zilikuwaje?" mama akauliza.

Kijana hakuwa na jibu.

Kutoka mezani, kutoka darini, kutoka juu ya mnazi

Hesabu iliyoamua jambo hili ilitoka kwa kijana mwenyewe. Kwenye somo la fizikia amefundishwa kwamba kitu kinachokwenda kasi hubeba nishati, na nishati hiyo haipandi sawasawa na kasi. Kasi ikizidi mara mbili, nishati huzidi mara nne. Ikizidi mara tatu, nishati huzidi mara tisa. Alimweleza mama kwa fahari, huku akichora kwenye daftari.

Mama alisema herufi hizo hazimwambii kitu, aelezwe kwa kuanguka. Mtu akigonga ukuta kwa kasi fulani, ni sawa na kuanguka kutoka urefu gani?

Kijana akapiga hesabu. Kilomita 15 kwa saa ni sawa na kuanguka kutoka karibu mita moja, juu kidogo ya meza ya kukatia vitambaa. Kilomita 25 kwa saa ni mita 2 na nusu, usawa wa dari ya chumba. Kilomita 45 kwa saa ni karibu mita 8. Aliandika namba hiyo, akaifuta, akairudia, ikatoka ileile. Mama akanyanyua macho dirishani kutazama mnazi wa jirani. Hakusema neno, na kijana naye akautazama.

Kisha mama akataka hesabu nyingine. Kilomita 6 kwa mwendo wa 45 ni dakika ngapi? Dakika 8. Na kwa mwendo wa 25? Dakika 14 na sekunde chache. Tofauti ni kama dakika 6, na hapo pamechukuliwa kwamba barabara ni nyeupe mwanzo hadi mwisho, bila bajaji, bila mbuzi, bila mtoto anayevuka. Kwa kijana anayeamka saa 11 alfajiri, dakika 6 zinapatikana kwa kupiga viatu rangi usiku.

Mzazi anaweza kuifanya hesabu hii mezani na mtoto wake bila kupandisha sauti. Vijana wengi husikia neno "hatari" kila siku mpaka limekuwa kama kelele za barabarani. Urefu wa mnazi hauhitaji kurudiwa mara mbili.

Mjomba na breki ya nyuma

Katika nyumba hiyo kulikuwa na sababu nyingine ya hofu, ambayo haikuwa imetajwa. Kaka yake mama alikuwa dereva wa bodaboda. Miaka kadhaa iliyopita alipata ajali, akafungwa vyuma mguuni, na tangu hapo anachechemea. Mama alimwita Jumapili akitegemea kwamba mguu wake utamaliza maneno.

"Shikamoo mjomba," kijana alimsalimu, akaa pembeni akisubiri kuhutubiwa.

Mjomba hakuhutubu. Aliigeuza baiskeli kichwa chini, akazungusha gurudumu la nyuma, akabana breki, akatazama raba zinavyoshika rimu. Akabana tena. Kisha akaanza kusimulia siku ya ajali, jambo ambalo hata dada yake hakuwahi kulisikia lote.

"Injini siku ile ilikuwa nzima kabisa," alisema. "Breki ya nyuma ndiyo ilikuwa imekwisha, wiki ya pili sasa. Kila asubuhi nasema nitabadilisha mwisho wa mwezi. Hela nilikuwa nayo, mjomba wangu. Niliweka taa za rangi."

Mama alinyamaza. Kwa miaka yote alikuwa ameilaumu pikipiki.

Mjomba alitoa maoni yake kama mtu wa barabarani. Wati 1500 hazifai kwa fremu ile. Pikipiki ina namba, ina bima, dereva wake ana leseni. Trafiki akisimamisha baiskeli inayokwenda kilomita 45 kwa saa, mtoto wa miaka 15 juu yake, mama ataeleza nini? Lakini mota ndogo, ya kumsaidia kijana mlimani huku akiendelea kupiga pedeli, yeye hakuikataa. Alikuwa ameona mishikaki ya wanafunzi kwa miaka mingi akiwa upande wa dereva, akajua wanavyobebwa.

Waliafikiana mambo matatu. Mota iwe ya wati 350 na volti 36, ikomee kilomita 25 kwa saa. Breki zinunuliwe kwanza, mota baadaye. Na kijana achangie breki kwa jasho lake, kwa kupeleka nguo za wateja mwisho wa wiki.

Chaki ya fundi cherehani

Kununua breki kabla ya mota kunamchosha kijana, na uchovu huo una faida. Kwa wiki 5 alipeleka sketi na magauni kwa miguu na kwa baiskeli isiyo na umeme. Alinunua raba mpya, nyaya mpya na mikono mipya ya breki. Fundi baiskeli wa mtaa akanyoosha rimu, akakaza spoku, akabadilisha mpira wa mbele uliokuwa umepasuka pembeni.

Kabla breki za zamani hazijatolewa, mama alitaka zipimwe. Jumapili jioni walikwenda uwanja wa shule ya msingi, mahali ambapo njia inashuka halafu inakuwa tambarare. Simu ilifungwa kwenye usukani ikiwa na programu ya kupima mwendo. Mama alichora mstari ardhini kwa chaki yake ya kukatia nguo. Kijana alishuka na mteremko hadi kilomita 25 kwa saa, akabana breki zote mbili kwenye mstari. Mdogo wake wa kike akahesabu hatua: 18.

Wiki iliyofuata, breki mpya zikiwa zimefungwa, walirudia. Hatua 8.

Kijana mwenyewe akaendeleza hesabu wakiwa njiani kurudi nyumbani. Kwa kilomita 45 kwa saa, breki hizohizo mpya zingehitaji zaidi ya hatua 25. Za zamani zingehitaji karibu 60. Ndizo alizokuwa nazo siku alipoleta ile video.

Mzazi asiye na fundi wala mjomba anaweza kufanya kipimo hiki. Kinahitaji chaki, uwanja mtupu, helmeti kichwani na mtu wa kuhesabu hatua. Baada ya kukifanya, mtoto hujionea mwenyewe mahali ambapo baiskeli yake inasimama, na mahali ambapo angependa iwe imesimama.

Betri inalala wapi?

Mota ikishafungwa, wazazi wengi huona kazi imekwisha. Usiku, hata hivyo, hofu kubwa ni betri.

Betri za lithiamu hujengwa kwa seli ndogo nyingi zilizounganishwa. Kila seli ikijaa huwa na volti 4.2. Betri ya volti 36 ina safu 10 za seli, hivyo ikijaa inafika volti 42. Ya volti 48 mara nyingi ina safu 13, na ikijaa inafika volti 54.6. Chaja ya moja haifai kwa nyingine, hata kama plagi inaingia. Ndani ya betri nzuri kuna kibao kidogo cha ulinzi kinachopima seli na kukata umeme mambo yakienda vibaya. Betri ya kuungaunga mara nyingi haina kibao hicho, au inacho cha ubora duni.

Kijana alikuwa na rafiki aliyejua kutoa seli kwenye betri za kompyuta mpakato zilizokufa na kuzipanga upya kwa gharama ndogo sana. Hapo mama hakutaka mjadala. Seli zilizochoka kwa viwango tofauti hazichaji sawasawa. Moja ikizidishiwa, joto hupanda, na moto wa lithiamu ukianza huenea kwa dakika chache na hutoa moshi wa sumu. Jiji la New York, ambako wapeleka chakula wengi hutumia baiskeli za umeme, lilipoteza watu 18 mwaka 2023 kutokana na moto wa betri za aina hii. Mwaka huohuo likaanza kutumia sheria ya kuzuia uuzaji wa baiskeli za umeme ambazo betri na mfumo wake wa umeme havijathibitishwa usalama.

Betri ya kijana ni ya volti 36 na ampea-saa 10. Imebeba wati-saa 360, kiasi kinachozidi kidogo theluthi moja ya uniti ya LUKU. Kwa kusaidiana na pedeli inatosha kwenda shule na kurudi na kubaki. Wameiwekea utaratibu: huchajiwa jioni watu wakiwa macho, juu ya sakafu ya saruji, mbali na vitambaa na mbali na mlango wa kutokea. Haichajiwi kitandani, wala chini ya kitanda, wala usiku kucha. Ikianguka au ikiloa mvua ya masika, hukaa nje kwenye kivuli na fundi huiangalia kabla ya kuchomekwa tena. Kwenye chumba chenye majora ya vitambaa hadi darini, hakuna aliyeona utaratibu huo umezidi.

Nyaya mbili nyeupe

Mota ilifungwa Jumamosi, mjomba akishika spana na kijana akisoma maelekezo. Bamba la kushika ekseli liliwekwa pande zote mbili. Fyuzi ikawekwa karibu na betri. Kihisi cha pedeli kikafungwa ili mota isaidie pale tu miguu inapozunguka. Kijana aliomba pia mkono wa mafuta kama wa pikipiki, akakataliwa, akakubali.

Usiku wake, mdogo mtu akiwa amelala, kijana alikuja chumba cha kushonea akiwa ameshika kile kisanduku cha chuma kinachogawa umeme, ambacho mafundi hukiita kontrola. Akamwonyesha mama nyaya mbili nyembamba nyeupe zilizounganishwa kwa plagi ndogo.

"Hizi zikiwa zimeungana, inakomea 25," alisema. "Zikiachanishwa, kikomo kinaondoka. Iko kwenye maelekezo. Mjomba hakuona."

Mama aliacha kushona. Alijua kwamba angeweza kuzifunga kwa gundi, kwa utepe, kwa kufuli. Alijua pia kwamba mtoto aliyesoma maelekezo ya kufunga anaweza kusoma ya kufungua. Kontrola nyingi za bei nafuu zina nyaya kama hizo, na mzazi hatakuwepo kila zinapoweza kuguswa.

"Kwa nini umeniambia?" aliuliza.

Kijana alifikiri kidogo. "Ungejua baadaye ungesema nilikuficha."

Kwa mzazi, huenda jibu hilo lina thamani kuliko bamba la chuma na fyuzi pamoja. Halikupatikana usiku ule. Lilianza siku ambayo mama alisema aachiwe afikiri, likaendelea kwenye daftari la hesabu, kwenye uwanja wa shule, kwenye wiki 5 za kupeleka nguo. Kijana aliyezoea kuambiwa hapana kabla hajamaliza sentensi hana sababu ya kuleta nyaya mbili nyeupe saa 4 usiku.

Mama alizirudisha nyaya mahali pake, zikiwa zimeungana, akamwachia kontrola yake. Hakuweka gundi. Alichoongeza ni sharti moja, na waliliandika kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari la oda za nguo. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi baiskeli itapelekwa uwanjani na kupimwa kwenye mstari wa chaki. Hatua zikizidi 10, ufunguo wa betri unakaa kabatini mpaka sababu ipatikane.

Kijana sasa anafika shuleni kabla ya kengele, shati likiwa kavu, ingawa mlimani bado anapiga pedeli. Zile wati 1500 huzitaja mara mojamoja, hasa anapopitwa na bodaboda. Mezi miwili ya kwanza hatua zilikuwa 8, kisha 9. Mwezi wa tatu, mvua za masika zikiwa zimejaza mchanga barabarani na kula raba za breki, mdogo wake alihesabu 12. Alihesabu tena, akasema 12. Ufunguo ulikaa kabatini siku nne, hadi kijana alipopeleka magauni mawili Makongo, akalipwa, akanunua raba mpya, na wakarudi uwanjani na chaki.